Vitanda Kumi na Viwili na Misumari Yangu Saba

Haya ninayoyaandika hakuna atakayeyaamini, na simlaumu mtu. Hata mimi niliyekuwepo, tena katikati kabisa, siku nyingine naamka nikijiuliza kama si uongo wangu mwenyewe niliousahau. Lakini ni kweli, au jirani wa kweli, wanaazimana chumvi. Mpwa wangu atasoma kabla yenu na ana kalamu nyekundu. Mkikuta mahali pamekatwa, ni yeye. Mkikuta mahali patamu pamebaki, basi alisinzia.

Huyo mpwa ndiye ninayemwandika. Ni mtoto wa pekee wa dada yangu, mwembamba kama penseli, na mji mzima unamwita Nukta. Jina hilo nilimpa mimi. Wapo watakaowaambia alipewa na mwalimu wake. Mwalimu huyo ni mwizi. Nilimpa kwa sababu tangu utotoni hakuacha jambo likining'inia. Ukimwambia utakuja kesho, atauliza saa ngapi. Ukimwambia saa nne, atauliza kama ni nne kamili. Ukimjibu ndiyo, anatikisa kichwa mara moja, na hapo mazungumzo yamekwisha, hata kama wewe ulikuwa bado na hadithi.

Kwa kazi ni karani wa halmashauri. Si yule karani wa mlangoni anayekwambia rudi kesho. Yeye ni karani wa Kamati ya Watoto na Vijana, yaani madiwani wanane wanaosimamia vituo vya kulelea watoto na viwanja vya vijana, na kila mwisho wa mwaka wanapanga orodha: kipi kitangulie, kipi kingoje. Wao wanasema, yeye anaandika.

"Mpwa wangu," nilimwambia siku alipopata kazi, "yaani unalipwa kwa kusikiliza? Mimi wangenilipa kwa kusema tungekuwa matajiri."

"Mjomba," akasema, "wewe wangekutoza."

Ndivyo alivyo. Anakukata bila kuinua kisu.

Mama yake, dada yangu, ni fundi cherehani sokoni. Kibanda chake ni kidogo hivi kwamba cherehani ikiingia, miguu ya dada inabaki nje. Mtoto hakuwa na pa kuwekwa. Kwa hiyo Nukta alikulia kwenye kituo cha sokoni, chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa buluu, dirisha moja juu, na vumbi la unga kila mahali. Mlezi wa pale alikuwa, na bado yuko, Mama Mlezi: mwili wa watu wawili, sauti ya nusu mtu. Nusu ya soko imelelewa na yeye. Wabeba mizigo wenye ndevu wakimwona wanaficha sigara.

Dada alimpa Nukta kopo la vifungo achezee. Akawa anavihesabu asubuhi, anavihesabu mchana, na kabla ya kulala anavihesabu tena. Siku moja nilichukua kifungo kimoja, cha shaba, nikakishonea koti langu. Vifungo vilikuwa zaidi ya mia mbili, nani angejua? Siku ya tatu tukakutana njiani, mtoto wa miaka minne. Hakulia. Alinyoosha kidole, akakigusa kile kifungo kifuani pangu, akanitazama. Nilikikata palepale kwa meno. Kumbukeni kisa hicho, maana mtu mzima mwenye akili angejifunza. Mimi sikujifunza.

Sasa nijitambulishe. Nina pikipiki ya matairi matatu, ile ya kubebea mizigo. Nilikuwa mtu wa kwanza mjini kuwa nayo. (Wa tatu, atasema Nukta, lakini wale wawili wa mwanzo hawakujua kuendesha, hawahesabiki.) Shule niliishia darasa la sita, si kwa ujinga, ila mwalimu alikuwa ameishiwa. Nabeba magunia, makabati, maharusi, wagonjwa. Na kwa miaka mitatu, kila siku ya ukaguzi, nilibeba vitanda vya watoto.

Hapa ndipo mambo yalipo, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Vituo vya halmashauri viko vinne: cha sokoni, cha stendi, cha kiwandani na cha hospitali. Kamati ilikuwa na utaratibu wake. Kila kituo kinakaguliwa mara moja kwa mwaka, siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Siku saba kabla, barua inakwenda yenye mhuri: tunakuja, jiandaeni. Na walezi walijiandaa kweli. Katika vituo vyote vinne, ni cha hospitali peke yake kilichokuwa na vitanda: kumi na viwili, vya mbao, vifupi, vilivyotengenezwa na wanafunzi wa ufundi. Kwingine watoto walilala chini. Na palikuwa na sheria, tuliisikia wote, kwamba kituo kisicho na vitanda kinapigwa kufuli. Nani aliisoma? Hakuna. Nani aliiogopa? Kila mtu.

Basi walezi wakasaidiana. Barua ikifika stendi, vitanda vinatoka hospitali vinakwenda stendi. Ikifika kiwandani, vinakwenda kiwandani. Mwenye kuvipeleka ni mimi, Alhamisi alfajiri, vinne vinne, safari tatu. Shuka zinatandikwa, mito inapigwa makofi. Saa tatu madiwani wanaingia, watoto wako macho wanaimba, vitanda vimejipanga kama askari. Madiwani wanauliza, "Vitanda?" Mlezi anasema, "Hivyo hapo, waheshimiwa, wanalala kwa zamu." Nukta anaandika: vipo, kumi na viwili. Wanakunywa chai, wanaondoka. Jioni vitanda vinarudi hospitali. Mimi sikuona ubaya. Nilijiona mkombozi, kusema kweli. Nilikuwa nikijisifu kwa pikipiki yangu yenyewe, maana kwa mtu mwingine nilikatazwa.

Mwaka jana, kwenye kona ya tangi la maji, kitanda kimoja kikaruka. Pikipiki haikuwa na kosa; kona ndiyo ilikuwa imekaa vibaya. Mguu ukavunjika. Nikachonga mwingine kwa ubao wa kreti, nikaupiga misumari saba, nikazikunja ncha zote upande mmoja. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nyumbani kwangu stuli zote, kitanda, mlango wa kuku, vyote vina misumari iliyolala upande mmoja kama nyasi baada ya upepo. Fundi mwingine anaweka jina. Mimi nakunja misumari.

Mwezi huo kamati ikakagua kiwandani. Nukta, mnamjua sasa, hakuishia kuhesabu. Aliandika pembeni ya daftari lake: kimoja kina mguu usiopakwa rangi. Mwezi uliofuata wakaenda stendi. Mguu usiopakwa rangi ukawepo tena. Akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akapitisha mkono chini ya kitanda, akagusa. Misumari saba, imelala upande mmoja.

Akaandika, akafunga daftari, akanywa chai yake.

Alichokuwa anakijua yeye, na sisi hatukukijua, ni kwamba orodha ya mwaka ilikuwa imeandaliwa. Mwanzo kabisa: viti vipya vya wageni kwenye uwanja wa vijana. Mwisho kabisa, namba kumi na moja: vituo vya watoto wadogo. Kwa nini mwisho? Kwa sababu taarifa za miaka mitatu, zilizoandikwa kwa mkono wake mzuri, zilisema vitanda vipo. Bado kikao kimoja tu, orodha ipigiwe kura, na watoto wa vituo vitatu walale sakafuni mwaka mwingine. Lakini akisema ukweli, kuna ile sheria. Kufuli kwenye mlango wa buluu. Watoto thelathini na mmoja wa Mama Mlezi warudi chini ya meza za soko, kati ya visu na mabeseni, alikotolewa Nukta mwenyewe.

Dada yangu anasema wiki ile Nukta alikuwa anatia chumvi kwenye chai.

Mwisho akaandika barua. Akampelekea Mwenyekiti wa kamati asaini. Mwenyekiti ni diwani mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu anayeongea kama anashusha saruji: tu! tu! tu! Nukta akamwambia, "Mheshimiwa, kabla ya kupanga orodha ingefaa kuvitazama vituo vyote vinne kwa siku moja. Madiwani wawili kila kituo. Saa saba na nusu mchana."

"Siku moja? Vyote?"

"Siku moja."

"Vizuri! Tumalize!" Akapiga mhuri bila kusoma. Mtu wa saruji hapendi kazi ya kurudia.

Barua zikafika. Nilikuwa nakunywa maji chini ya kivuli cha ghala simu ikalia. Mlezi wa stendi. "Kaka, Alhamisi, vitanda." Nikamwambia usijali, dada, mzigo umefika. Sijakata, simu nyingine. Kiwandani. "Alhamisi." Nikasema Alhamisi hii? Akasema hii hii. Ya tatu ilitoka hospitali: "Safari hii usiguse vitanda vyangu, nakaguliwa mimi." Ya nne ilikuwa ya sauti ndogo kutoka nyuma ya mashine ya kusaga: "Baba, usinisahau mimi na wanangu."

Nikakaa chini. Vitanda kumi na viwili, vituo vinne, saa ile ile. Nikajaribu kugawanya: vitatu vitatu. Walezi wakaanza kugombana: nani achukue chenye mguu mbovu. Mguu mbovu! Mguu wangu!

Jumapili Nukta akaja kunisalimia. Alikuja na machungwa, jambo lililonitia wasiwasi, maana haleti kitu bila sababu. Nikampa stuli. Hakukaa. Akaigeuza miguu juu, akaanza kuhesabu.

"Mjomba, hii stuli nani aliitengeneza?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi mwenye kipaji."

"Anaishi wapi?"

"Mafundi wa namna hiyo hawana anuani, mpwa wangu, wanatafutwa."

"Basi nimempata." Akaiweka stuli chini, akakaa juu yake, akapanga mikono magotini. "Mguu usiopakwa rangi niliuona kiwandani. Misumari hii niliigusa stendi. Nimesubiri uje uniambie mwenyewe. Leo ni siku ya kumi na nane."

Nikajitia hamnazo. Nikasema misumari iko mingi duniani. Akanyoosha kidole kuelekea kifuani pangu, pale kilipokuwa kile kifungo miaka ile, akanitazama. Nikasema yote. Alfajiri, safari tatu, kona ya tangi. Nikamalizia kwa kujitetea: "Nilikuwa nawasaidia, Nukta. Bila mimi wangefungiwa."

"Mjomba," akasema, taratibu kabisa, "kila ulipopeleka kitanda, mimi niliandika kipo. Na kila nilipoandika kipo, wao walisema basi, hawana shida. Mimi na wewe tumewalaza wale watoto chini miaka mitatu. Wewe kwa pikipiki, mimi kwa kalamu."

Jamani, mimi nimetukanwa na matrafiki, na wenye mizigo, na mama mkwe. Hakuna lililoniingia kama lile. Nikaliweka chungwa chini.

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Alhamisi usibebe hata kimoja."

"Wakifunga?"

Hapo akatoa karatasi kwenye mkoba. Alikuwa ameingia stoo ya halmashauri, kule wanakotupa viti vibovu, akachimbua faili la sheria ndogo mpaka akapata ukurasa. Akanisomea. Kituo kisicho na vitanda, kamati yaweza kukifunga. Au yaweza kukiweka mwanzo wa orodha ya mahitaji na kukisimamia yenyewe kwa miezi sita mpaka kitimie.

"Kumbe!" nikasema. "Sasa hofu yote ya nini?"

"Watu walisoma mpaka kwenye kufunga, wakakimbia. Lakini usifurahi mapema. Yaweza hili, yaweza lile. Kura ni yao wanane, si yangu." Akaikunja karatasi. "Na wakiuliza nani aliandika uongo miaka mitatu, ni mimi. Nikitoka pale, sitoki na barua nzuri."

"Basi nyamaza, mwanangu!"

"Ndiyo maana nimekuletea machungwa. Kwa Mama Mlezi utakwenda wewe."

Nilikwenda. Nilimkuta anawafuta watoto pua kwa mpangilio, kama anayepiga mihuri. Nilipomaliza kusema hakupandisha sauti. Hana ya kupandisha. Alisema tu, "Huyo mtoto nilimbeba mgongoni na homa ya siku tatu. Leo ananifungia mlango?"

"Hakufungii, Mama. Anataka waone."

"Wakishaona je?"

Mnajua mimi nakuwaga na majibu hata ya maswali ambayo hayajaulizwa. Safari hii nikamwambia, "Mimi pia naogopa." Akanitazama sana. Akasema, "Basi jambo ni zito kweli."

Alhamisi pikipiki yangu ilikuwa tupu. Niliiegesha karibu na mashine ya kusaga, nikajifanya natengeneza mnyororo uliokuwa mzima. Saa saba na nusu kamili (na kwa Nukta kamili ni kamili) wakatokea Mwenyekiti, diwani mmoja mwenye miwani, na Nukta nyuma na daftari.

"Hodi!" Mwenyekiti akashusha mfuko wa kwanza wa sauti yake ya saruji.

"Shhh," akasema Mama Mlezi mlangoni. "Wamelala."

Saa saba na nusu, waungwana, ndiyo saa ambayo hakuna mkaguzi aliyewahi kuiona. Mlango ulibaki wazi na mimi naona vizuri. Watoto thelathini na mmoja sakafuni, wamebanana kama vijiko kwenye droo. Hawakulala kwenye saruji tupu, hapana. Dada yangu alikuwa amewashonea maboksi, mawili mawili, kwa uzi wa magunia, yakawa kama magodoro. Maboksi ya sinki za choo. Na juu ya kila boksi, kwa rangi nyekundu, kwa mkono: TARATIBU, KINAVUNJIKA.

Mwenyekiti alisimama. Mwandiko ule ulikuwa wake. Dukani kwake anaandika mwenyewe kila boksi, maana wapakuzi walimvunjia mzigo mara mbili. Karibu kabisa na kiatu chake alilala mtoto wa miaka kama miwili, shavu kwenye lile neno, mdomo wazi.

Akavua viatu. Akaingia kwa soksi, moja ina tundu kidoleni. Akatembea mpaka ukutani akarudi. Nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya Mwenyekiti akinong'ona: "Vitanda viko wapi?"

"Havipo," akasema Mama Mlezi. "Havijawahi kuwepo. Vile mlivyoviona ni vya hospitali, vilikuja kutembea." Akanyoosha mgongo. "Sasa mmeona. Mkifunga, semeni watalala wapi, nianze kuwahamisha kabla hawajaamka."

Diwani wa miwani akafungua mdomo. Mwenyekiti akamshika mkono. "Nje," akanong'ona. "Kikao ni Jumatatu."

Wakatoka. Hakusema tutafunga, hakusema hatutafunga. Siku tatu zile Mama Mlezi hakula vizuri, na Nukta alianza kupanga vitu vyake vya mezani ofisini kwenye mfuko: kikombe, sanamu ya bata, kalamu za akiba. Nilimwona. Aliniambia anasafisha droo.

Jumatatu ikafika. Ukumbi wa kamati uko chini, upande wa nyuma: meza ndefu yenye mguu uliowekewa vitabu vya zamani, saa ya ukutani iliyosimama, na dirisha lenye kioo kimoja kilichotoka siku nyingi. Pengo la kioo hicho linatosha sikio la mtu. Sikio lilikuwa langu. Nyuma yangu walisimama Mama Mlezi na dada yangu, kila mmoja ananishika shati kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nataka kuanguka.

Mwenyekiti akaeleza alichokiona. Wale madiwani wengine wakaeleza walichokiona kwao: stendi wanalala kwenye magunia, kiwandani kwenye mabaki ya vitambaa. Kisha yule wa miwani akauliza, kama tulivyojua atauliza:

"Nina taarifa hapa za miaka mitatu. Vipo, vipo, vipo. Nani aliandika?"

Kwa pengo lile nilimwona Nukta anaweka kalamu chini. Akasimama.

"Mimi, mheshimiwa. Nilihesabu vizuri, lakini sikuuliza. Naomba iandikwe hivyo. Na naomba iandikwe kwamba mwaka huu nilijua kabla yenu, nikanyamaza siku ishirini na moja."

"Na vitanda vilihamaje kituo hadi kituo? Vina miguu?"

Nikasema moyoni, mpwa wangu, hapa ndipo damu inapokuwa nzito kuliko maji. Sema usafiri. Sema upepo.

"Kwa pikipiki ya mjomba wangu," akasema. "Yuko hapo dirishani."

Vichwa vinane vikageuka. Nilijaribu kuinama, lakini dada na Mama Mlezi walikuwa wameshika shati. Nikapunga mkono. Mtu ukishakamatwa, jambo la adabu ni kusalimia.

Nikaitwa ndani. Nikasimama mbele ya meza, kofia mkononi, nikangoja. Mwenyekiti akanitazama, akamtazama Nukta, akatazama ile karatasi ya sheria iliyokuwa mbele yake, imepigiwa mstari.

"Karani, andika," akasema. "Karani hakuuliza. Andika pia: kamati haikuuliza. Tulikwenda saa ya nyimbo, tukanywa chai, tukarudi. Ni kosa la meza nzima."

"Meza nzima?" akasema wa miwani.

"Wewe ulikula biskuti sita."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Kura ikapigwa. Kufunga vituo vitatu: mikono miwili. Kuviweka mwanzo wa orodha na kuvisimamia miezi sita: mikono sita. Viti vya uwanja vikashuka namba nne. Na kuanzia siku ile, barua ya siku saba ikafutwa. Kamati inakwenda bila kupiga hodi, tena saa ya usingizi.

Nje nikasikia kishindo. Ni Mama Mlezi alikuwa amekaa chini, kwenye nyasi, miguu mbele kama mtoto. Hakuwa mgonjwa. Miguu ilikuwa imemaliza zamu. Nukta akatoka mbio bila daftari, mara ya kwanza naona, akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamfuta uso kwa kanga, kwa mpangilio uleule, pua, jicho, jicho. "Umekonda. Ulikuwa huli?"

"Nilikuwa nahesabu, Mama."

"Acha kuhesabu kidogo. Kaa."

Wakakaa wote wawili kwenye nyasi za halmashauri palipoandikwa usikanyage, na hakuna mlinzi aliyethubutu, maana mlinzi mwenyewe alilelewa nyuma ya mashine ya kusaga.

Nukta alirudisha bata wake mezani jioni hiyohiyo. Hadi leo ndiye karani, ila sasa taarifa zake zina mstari mpya chini: nimeuliza, na wamejibu hivi. Madiwani wanaulalamikia mstari ule, unawachosha. Anawatikisia kichwa mara moja, na yamekwisha.

Mimi nilipewa adhabu. Vitanda vipya vikitoka kwa mafundi, nivisambaze vituo vyote bila malipo, na nisiviguse kwa nyundo hata vikivunjika. Adhabu ya pili iliniuma zaidi.

Siku vilipotoka vya sokoni, miezi miwili baadaye, jua lilikuwa zuri na barabara imefagiliwa. Nilivipakia vyote kwa safari moja, vitanda sitini, vimepanda juu kama ghorofa tatu, mpaka waya za umeme nikawa naziinamia. Kwenye kona ya tangi, ile ile, nilipita kwa matairi mawili, la tatu liko hewani, kitanda hata kimoja hakikutikisika. Soko lote lilisimama. Wachuuzi mia tano kila upande wanapiga makofi, wengine wanalia, na mimi mkono mmoja kwenye usukani, mwingine napunga, huku Mwenyekiti mwenyewe anakimbia mbele yangu akinisafishia nj...

Hapo kalamu nyekundu ikaingia: "Mjomba, sitini vya wapi? Vilikuwa thelathini na kimoja, safari nane, na pale kwenye kona tulishuka wote tukasukuma. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika kile ulichokuwa umeshaanza kukipiga msu..." Kalamu nimemnyang'anya.